Pia Tatu Juu ya Bati

Siku tatu baada ya Neville Hartigan kumaliza kazi ya darini, chumba cha mkewe kilikuwa kinachoma kuliko kabla hajapanda ngazi. Mle ndani hakuna aliyelisema hilo, kwa hiyo likasemwa na simu.

"Baba, nyuzi thelathini na nne," alisema Renae kutoka pwani. "Saa tisa mchana, kiyoyozi kinawaka, na mama amelala kwenye nyuzi thelathini na nne."

"Hicho kidude chako kibovu."

"Kidude ni kizima. Wiki iliyopita kilisema thelathini na mbili. Umefanya kazi siku nne huko juu, umetuongezea mbili."

Kidude chenyewe kilikuwa kipimajoto cheupe, kidogo kama biskuti, ambacho binti alikitundika ukutani juu ya kitanda cha mama yake mwezi wa Septemba. Kilikuwa kinapeleka habari za chumba kwenye simu yake, kilomita mia moja na thelathini mbali. Neville alikiita mpelelezi. Kila alipoingia chumbani alikiangalia kwa jicho la pembeni, kama mtu anayepita mbele ya polisi.

"Kazi iko sawa," alisema. "Karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto imeshuka toka kwenye mgongo wa paa mpaka kwenye kuta, sehemu inayong'aa inatazama chini, na nafasi ya hewa nimeiacha. Zile pia mbili za kutoa hewa zinazunguka juu ya bati. Mpe muda tu."

"Mpe muda nani, baba? Bati?"

Renae alivuta pumzi, kisha akasema lile alilokuwa amelipigia simu.

"Nyumba ya wagonjwa hapa karibu na kwangu wana chumba. Wananishikia mpaka Jumatatu. Nakuja Jumamosi. Saa tisa mchana mimi mwenyewe nitasimama chumbani kwa mama. Kikiwa chini ya ishirini na nane, naondoka peke yangu. Kikizidi, naondoka naye."

"Na mimi?"

"Wanachukua wagonjwa tu, baba. Kitanda ni kimoja."

Ilikuwa Jumatano.

Glenys, mkewe, alikuwa amesikia kila kitu, maana Neville alikuwa na tabia ya wanaume walioharibiwa masikio na mashine za reli: aliiwasha simu yake kwa sauti ya kuita mifugo. Alikuwa amelala chali, taulo lenye maji shingoni, bakuli la zabibu zilizogandishwa kifuani. Ugonjwa wake ulikuwa wa mishipa ya fahamu. Siku za baridi alitembea na fimbo, akapika, akagombana na redio. Joto likipanda, miguu ilimkatalia na macho yakafifia, na likishuka vyote vikamrudia. Daktari alishasema: dawa anazo, anachohitaji ni ubaridi.

"Ana haki," alisema Glenys.

"Nani?"

"Binti yako. Ni mkali, lakini ana haki."

"Basi funga virago kabisa."

"Sijasema nataka kwenda, Nev. Nimesema ana haki. Hayo ni mambo mawili. Nipe maji."

*

Alhamisi asubuhi Neville aliendesha pikapu hadi dukani kwa Cec Tranter, duka pekee la vifaa mjini ambamo mtu angeweza kununua skrubu moja moja na matusi bure.

"Mzee wa karatasi!" Cec alimpokea toka nyuma ya kaunta. "Nasikia umeifunga nyumba kama kuku wa kuoka. Bibi harusi ameiva?"

Wanaume wawili waliokuwa wakichagua mabomba walicheka. Neville alikuwa ndiye mtu ambaye mtaa mzima ulimwita bomba likipasuka au mlango ukigoma. Hakuzoea kuwa upande wa kuchekwa.

"Nipe pia nyingine," alisema.

"Ya tatu? Nyumba yako si kiwanda."

"Mbili hazitoshi. Moto bado uko juu pale. Nataka ya tatu iuvute."

Cec aliishusha pia toka rafuni, moja ya ile mitungi ya bati yenye mapezi ambayo upepo huizungusha juu ya mapaa yetu mchana kutwa. Aliipuliza, ikazunguka taratibu. Hakuiachia.

"Swali moja. Hewa ya kuingia inaingilia wapi?"

"Inaingilia hapo hapo, juu."

"Hapo juu inatoka, Neville. Pia inatoa. Kinachotoka lazima kiwe kimeingia mahali."

"Cec, wewe unauza au unafundisha?"

"Nauza."

"Basi uza."

Cec akauza. Kufika saa nne Neville alikuwa juu ya bati, magunia yaliyoloweshwa maji yakiwa chini ya magoti, akikata tundu la tatu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Mkono wake ulikuwa bado unanyoosha mstari bila rula, na alipomaliza kupaka gundi pembeni pia ilikaa wima, ikashika upepo na kuanza kuimba pamoja na wenzake. Aliitazama kwa raha. Hata mtu mwenye wivu asingeweza kuitia kasoro kazi ile.

Saa tisa mpelelezi alisoma thelathini na tano.

*

Jioni ile ile Glenys alishindwa kufika chooni. Neville alikuwa jikoni anakata bitiruti za kula na nyama ya kopo. Aliposikia kishindo na kukimbia, alimkuta amekaa sakafuni kwenye ukumbi, mgongo ukutani, nguo imelowa, anautazama mlango wa choo uliokuwa hatua nne mbele yake.

Neville alimwinua, akamwosha kwa maji ya bomba ambayo wakati ule wa mwaka hutoka ya moto bila kuchemshwa, akamvalisha, akamrudisha kitandani. Alirudi na dekio. Alipokuwa akipiga deki, Glenys alimsikia akitukana kwa sauti ya chini, na akajua matusi yale hayakumlenga yeye.

Mbu walipoanza, Neville aliwasha dawa, ile ya duara, akaiweka kwenye sahani juu ya kabati kama kila jioni. Akakaa pembeni ya kitanda.

"Nev," alisema Glenys. "Nataka nikwambie kitu, na sitaki unikatize."

"Sema."

"Tazama moshi."

"Moshi gani?"

"Wa dawa. Mimi nalala hapa siku nzima, sina kazi nyingine ila kutazama. Zamani moshi ule ulikuwa unazagaa chumbani. Tangu uweke hizo pia, unapanda umenyooka mpaka kwenye ua la baba, unaingia. Tangu leo mchana unakimbia."

Ua la baba lilikuwa katikati ya dari: duara la mbao lililotobolewa majani na matunda, ambalo baba yake Glenys alilichonga kwa mkono alipoijenga nyumba ile, ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Nyumba za zamani za huku zote zina maua kama yale.

"Sasa si ndiyo kazi yake," alisema Neville. "Moto unapanda."

"Si moto unaopanda. Ni kiyoyozi changu. Pia zako zinanyonya baridi yangu na kuwapa ndege."

Neville alicheka, na kicheko kilikuwa kibaya. "Miaka arobaini na moja sijakuona umeshika hata nyundo. Leo umelala kitandani umekuwa mhandisi wa mapaa."

"Nilikuwa nakata tiketi stesheni miaka ishirini, Neville. Nilijua treni imechelewa kwa kutazama nyuso za watu tu. Kutazama ndiyo kazi yangu."

"Treni si bati."

"Haya. Zima taa unapotoka."

Alizima. Lakini alisimama mlangoni, na kwa mwanga wa ukumbini akaitazama sahani juu ya kabati. Moshi ulipanda kama uzi unaovutwa na mtu. Ulifika kwenye ua, ukapotelea baina ya majani yale ya mbao, bila hata chembe kurudi.

*

Ijumaa alfajiri, kabla jua halijagusa bati, alisimama mbele ya sanduku la umeme akiwa na tochi kichwani. Kwetu huku mtu hapandi darini umeme ukiwaka, hasa mahali palipotandikwa karatasi ile. Ni bati jembamba; pini moja ya chuma ikitoboa waya, dari lote linakuwa waya. Kuna wazazi wanaojua hilo kwa kuzika watoto wao. Neville mwenyewe alikuwa ameibana karatasi yake kwa vifungo vya plastiki, na bado asingepanda bila kuzima.

Ila kuzima umeme maana yake ni kuzima kiyoyozi.

"Utakaa wapi?" alimwuliza Glenys.

"Nipeleke kwa Cec. Duka lake lina baridi ya mochwari."

"Utakaa dukani?"

"Kwani kuna mtu atakayeninunua?"

Alimpeleka. Cec alifungua mlango wa nyuma akiwa bado na pajama, akamtazama Glenys, akaenda kuleta kiti chenye mikono na kukiweka nyuma ya kaunta, chini kabisa ya kiyoyozi.

"Bei zimeandikwa," alimwambia. "Wakitaka kupunguziwa, wakazie macho."

Neville alirudi, akazima umeme, akapanda. Alitambaa kati ya mapao, karatasi ikimwakisia mwanga wa tochi kila upande mpaka akajiona kama yuko ndani ya kijiko. Hakukuwa na mkunjo hata mmoja. Alifika katikati ya nyumba, juu ya ua la mbao, akaketi. Halafu akafanya kitu ambacho hakukifanya siku zote nne za kazi. Alizima tochi.

Giza lilikuwa kama la ndani ya chungu.

Juu, kwenye shingo za pia, palikuwa na viduara vitatu vya mwanga wa alfajiri. Basi. Pembeni, kule ambako paa hukutana na ukuta na kutokeza nje kufanya upenu, palipaswa kuwa na mstari wa mwanga kuizunguka nyumba yote. Dari linalopumua huonyesha mwanga upenuni. Kila mjenzi wa huku anajua. Neville aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Hakuona hata tundu la sindano.

Kisha akakumbuka, na akaona aibu akiwa peke yake kwenye giza lile.

Miaka kumi na miwili nyuma, posamu mmoja, mnyama yule wa usiku mwenye makucha na mkia mrefu, aliingilia upenuni akafa darini wiki ya Krismasi. Wageni kumi na mmoja walikula kuku wa baridi wakiwa wameziba pua. Glenys alilia kwa aibu. Siku ya pili yake Neville alikata vipande vya ubao wa saruji, akaizunguka nyumba yote, akaziba kila mwanya upenuni kwa skrubu na povu la kugandisha. Aliifanya vizuri. Aliifanya kama alivyofanya kila kitu. Cec mwenyewe alimwambia pale dukani kwamba hata sisimizi sasa atabisha hodi, na Neville alitembea na sifa hiyo mwaka mzima.

Kwa miaka kumi na miwili hakikuharibika kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu kilichovuta. Halafu akaweka pia tatu za kuvuta, kwenye dari aliloliziba mwenyewe. Zilikosa hewa ya nje, zikavuta ya chumbani. Na chumba kilipopungukiwa, kikavuta upepo wa moto kutoka chini ya milango na kwenye nyufa za madirisha. Mkewe alikuwa amelala katikati ya njia hiyo, na taulo shingoni.

"Mjinga," alisema kwa sauti. Bati likamrudishia.

*

Siku ile nzima Neville alikuwa juu ya ngazi. Alichomoa ubao wa kwanza, akaweka kiganja pale, na hewa ikapita kati ya vidole vyake kuingia ndani kama iliyokuwa ikingoja foleni. Nusura amwite Glenys. Akaendelea. Povu lilikuwa gumu kama jiwe, akalikwangua kwa patasi. Kila alipofungua aliweka wavu wa waya wa matundu madogo, ili posamu wabaki nje. Mkono wa kushoto ulichanika, akaufunga kwa tepu ya mabomba.

Saa sita, jua likiwa utosini, alibakiza upande wa kaskazini. Mtu mwingine angesema kesho. Kesho ilikuwa Jumamosi. Alikunywa chai baridi amesimama, akahamisha ngazi.

Kazi ya mwisho aliifanya juu, ndani. Alikata plaiwudi mduara, akaulaza juu ya ua la baba mkwe bila kulipiga msumari hata mmoja, akaziba pembeni kwa utepe. Kutoka chini ua lilibaki vile vile. Kutoka juu lilikuwa limefungwa mdomo.

Alipokwenda dukani kumchukua mkewe, alikuta foleni ya watu watatu. Glenys alikuwa amevaa aproni ya Cec, uso una rangi, anamweleza kijana wa shamba kwamba rangi aliyochagua ni ya choo.

"Huyu haondoki," alisema Cec. "Ameniuzia mpaka ndoo zilizopasuka."

"Umeona nini huko juu?" Glenys aliuliza.

Foleni yote ilikuwa ikisikiliza. Neville alitazama mkono wake uliofungwa tepu.

"Nitakwambia nyumbani," alisema.

Glenys alimtazama kama alivyokuwa akizitazama nyuso za abiria, akajua treni imechelewa kwa muda gani. Akavua aproni.

*

Renae alifika Jumamosi saa nane na nusu, na sanduku tupu la nguo kwenye buti. Alimbusu mama yake na kumpa baba yake mkono, jambo ambalo halikuwahi kutokea kati yao, kisha akalifungua lile sanduku juu ya kitanda.

"Nakusanya tu," alisema. "Isije ikawa haraka baadaye."

"Saa tisa bado," alisema Neville.

"Najua saa, baba."

Alikunja magauni mawili, nguo za ndani, kandambili. Glenys alikuwa amekaa, hakulala, miguu ikiwa sakafuni. Alimwacha binti akunje. Nje palikuwa na nyuzi arobaini na moja. Lami ya barabara ilikuwa laini chini ya viatu, na mbwa wa jirani alikuwa amejilaza ndani ya beseni lake la maji.

Saa tisa kasoro dakika moja Renae alisimama chini ya kipimajoto. Akakitazama, akatazama simu yake, akarudi kukitazama.

"Ishirini na sita na nusu," alisema.

"Kidude kibovu," alisema Neville.

Renae alicheka kabla hajajizuia. Kisha macho yakamjaa. Alikaa kitandani, juu ya magauni. "Baba, umewezaje? Juzi ilikuwa thelathini na tano. Nilidhani unashindana na mimi tu. Nilidhani ni kile kiburi chako. Kumbe ulijua unachofanya."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Neville angeweza kupita, na hakuna ambaye angemshika. Jana usiku alikuwa amemwambia Glenys kila kitu. Glenys alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Haya," na hakuongeza. Hata sasa alikuwa akitazama magoti yake mwenyewe.

"Nilikuwa sijui," alisema Neville. "Niliziba upenu mwenyewe mwaka ule wa posamu, nikasahau. Halafu nikaweka pia, zikawa zinamnyonya mama yako baridi. Cec aliniuliza, nikamwambia auze. Mama yako aliona kwa moshi wa dawa ya mbu, akaniambia, nikamcheka. Nilimwambia hajawahi kushika nyundo."

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia hivyo siku ambayo ameanguka."

"Ameanguka? Mama, umeanguka?"

"Nimeanguka, nikainuliwa," alisema Glenys. "Renae, washa dawa."

"Mchana huu? Hakuna mbu."

"Washa."

Renae aliwasha ile duara juu ya kabati, akaipuliza mpaka ncha ikawa nyekundu. Wote watatu wakaitazama. Moshi ulipanda kiasi cha mkono, ukasita, kisha ukajikunja na kutanda chumbani taratibu, ukawafikia puani. Renae alikohoa. Juu ya bati pia tatu zilikuwa zikizunguka kwa nguvu zote, na safari hii zilikuwa zikivuta hewa ya kwao, ile ya upenuni.

"Na Januari je?" aliuliza Renae. "Na umeme ukikatika?"

"Umeme ukikatika ananipeleka kwa Cec. Ukikatika kwa Cec, nakupigia na nakuja kwako siku hiyo hiyo, bila ubishi. Hilo tumekubaliana." Glenys alimtazama mumewe. "Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

"Na kidude kinabaki ukutani," alisema Renae.

"Kibaki," alisema Neville. "Nimeshamzoea."

Glenys aliinuka. Alishika fimbo, akaenda mwenyewe hadi upande wa pili wa kitanda, hatua saba, na hakuna aliyemsogelea. Alitoa magauni yake mawili akayarudisha kwenye hanga, kisha nguo za ndani, kisha kandambili. Akalifunga sanduku.

"Hili ni sanduku zuri," alisema. "Tuachie. Kesho Nev atalipandisha darini."

"Nitalipandisha sasa hivi," alisema Neville, akalishika.

"Kesho alfajiri," alisema mkewe. "Ukizima umeme kwanza. Na mimi uwe umenifikisha dukani. Cec amenipa zamu ya Jumapili."